Hotuba ya Ghafla ya Miezi Minne

Mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Kusitasita katika Ofisi ya Rais. Najua wasomaji wa nchi nyingine mtacheka, kwa kuwa nchi zenu hazijaendelea kiasi cha kuwa na kitengo hicho, basi nitaeleza polepole. Mheshimiwa Rais wetu anapolihutubia taifa, akafika katikati ya sentensi, akatazama mawingu, akasema "eeeh," kisha akaendelea, ile "eeeh" ni yangu. Nimeitunga mimi, nimeipima urefu, nimeipeleka kwenye kamati, ikarudi na marekebisho, nikaipeleka tena. Nina wasaidizi sita na gari la serikali lenye kiyoyozi.

Haikuwa hivi zamani. Zamani Mheshimiwa alisoma hotuba kwenye karatasi kama marais wa kawaida, na wananchi wakasinzia kwa amani na utulivu. Kisha ikaja ile sikukuu ya taifa ambayo upepo ulizipeperusha karatasi zake zote, walinzi wakaanza kuzikimbiza uwanja mzima, na Mheshimiwa akabaki peke yake na kipaza sauti. Akautazama umati. Akajifuta jasho. Akasema, "Ndugu zangu, jua ni kali. Nendeni nyumbani mkale."

Lo! Uwanja mzima uliruka. Vigelegele, kofia juu, watu wasiojuana wakakumbatiana. Washauri walijifungia hotelini wiki nzima kutafuta chanzo cha furaha ile, na kwa kuwa ni wasomi wakubwa, walikipata: wananchi wanapenda hotuba isiyoandaliwa. Walikuwepo watu wachache waliodhani wananchi walifurahia kuruhusiwa kwenda nyumbani, lakini hao hawakualikwa hotelini.

Tangu hapo kusoma karatasi jukwaani ni kosa la jinai, na ikaundwa Ofisi ya Maneno ya Ghafla, jengo la ghorofa tisa lenye vioo vya bluu. Hotuba ya ghafla huchukua miezi minne kuiandaa. Ikiwa na mzaha ndani yake huchukua mitano, maana mzaha lazima upitie Usalama. Tuna Kitengo cha Kukuna Kichwa. Tuna Kitengo cha Kusahau Jina la Waziri, na mawaziri hugombana mpaka kushikana mashati kila mmoja akitaka asahauliwe yeye, kwa sababu kusahauliwa na Mheshimiwa hadharani ni dalili ya mazoea. Juu yetu sote yupo Mkurugenzi, Profesa Daktari Injinia Bonaventura Kishimba, ambaye kila Jumatatu hutukumbusha, "Ndugu zangu, ughafla si jambo la kufanywa ovyoovyo!"

Na hatufanyi mchezo, kwani sheria inasema neno lolote atakalolitamka Mheshimiwa jukwaani bila karatasi ni amri, nayo hutekelezwa kabla jasho lake halijakauka.

* * *

Sasa, Mheshimiwa ana shughuli nyingi, hawezi kuhudhuria mazoezi ya kila mji. Kwa hiyo tuna Mheshimiwa wa Mazoezi. Jina lake Mzee Sadala Pembe, aliyekuwa dalali wa mnada wa mbuzi mpaka siku tuliyogundua kwamba tumbo lake na la Mheshimiwa yanalingana kila upande. Tukamtoa mnadani, tukamshonea koti jeusi lenye vifungo vya dhahabu, tukampandisha jukwaani.

Mwanzoni mawaziri walimdharau. Mmoja alimtuma sigara. Mwingine alimwambia, "Wewe mzee, hebu nipishe." Mazoezi yakawa hayana maana, maana nani atajifunza kutetemeka mbele ya mtu anayetumwa sigara? Bunge likakaa asubuhi moja na kupitisha Sheria ya Koti. Nayo ni fupi: yeyote aliyevaa koti lile ni Mheshimiwa, kwa heshima zote na mamlaka yote, mpaka alivue. Tangu hapo mambo yakanyooka. Sadala akivaa koti, majenerali wanabana visigino. Akilivua, anaulizwa kama ameshakula.

Miezi michache iliyopita ikapangwa ziara ya Kilembwe, mji mdogo wa milimani wenye soko, shule, na hospitali ya serikali. Tukatangulia kwenda kuandaa ughafla. Pale hospitalini tukakuta wodi ya wazazi ni kuta nne na vitanda, juu mawingu. Upepo ulikuwa umeliezua paa miaka miwili nyuma, na tangu wakati huo akina mama wanajifungua chini ya maturubai na miavuli.

Mkurugenzi aliingia, akatazama juu, akatoka. "Ina hewa nzuri," akasema. "Wekeni picha kubwa ya Mheshimiwa hapa mbele."

Muuguzi wa wodi hiyo anaitwa Sista Zamoyoni, mwanamke mnene, mfupi, mwenye sauti iliyozoea kuwaamuru watu wasukume. Kwa ajili ya sauti hiyo tulimteua kuwa Mwananchi wa Ghafla. Kila ziara huwa naye mmoja: anachomoka kwenye umati, machozi yanamlengalenga, anauliza swali lililomtoka moyoni. Nikamkabidhi swali lililomtoka moyoni.

Akalisoma kwa sauti. "'Mheshimiwa, unawezaje kutupenda namna hii?'" Akanitazama. "Ndilo hili?"

"Ndilo, Sista. Baada ya 'unawezaje' unavuta pumzi kidogo. Hapo nimefanya kazi sana."

"Bwana Afisa, mimi nataka kuuliza paa."

"Swali la paa halimo."

"Basi liwemo. Mvua ziko mlangoni. Mwaka jana zilitukuta hivihivi, tukamzika mtoto wa Tatu Mwinjuma kwa kichomi, hata jina hajapewa. Huyo Tatu ana mimba tena, na atajifungua kitanda kilekile. Sasa mvua zikianza nimfunike kwa swali lenu?"

Nikamweleza kwa upole kwamba swali la kupendwa limeshapita kamati saba, na jibu lake tayari limo kinywani mwa Mheshimiwa, halitoki. Akaguna ile "mh!" ya wanawake wa Kilembwe, ambayo baadaye nilijaribu kuipeleka kwenye kamati ikakataliwa kwa kuwa na maana nyingi mno.

* * *

Mazoezi ya mwisho yalifanyika uwanja wa shule, mawaziri wote wakiwepo kwa miili yao. Sadala, ndani ya koti, alikuwa anakwenda vizuri ajabu. "Ndugu zangu wa... eeeh..." Akautazama mlima. "Wa Kilembwe! Mimi leo sikupanga kusema. Mimi si mtu wa maneno. Lakini nikizitazama nyuso zenu, eeeh, moyo wangu unanisukuma." Kusukumwa kwa moyo kulikuwa kumepata kibali cha Wizara ya Afya. Mimi nilikuwa nahesabu kusita kwangu kwa vidole, nimeridhika kabisa.

Ikafika zamu ya Mwananchi wa Ghafla. Sista Zamoyoni akachomoka kama alivyofundishwa. Machozi hayakumlengalenga.

"Mheshimiwa," akasema, "wodi ya wazazi haina paa. Unatupa lini?"

Mkurugenzi alinifinya mkono mpaka leo naona alama. Jibu la Sadala lilipaswa kuwa, "Nawapenda kwa sababu ninyi, eeeh, ni ninyi," na yeyote anaona lisivyoendana na mabati. Lakini yule mzee alikuwa dalali kabla ya kuwa Mheshimiwa. Mtu akitaja haja mbele yake, ulimi unaamka wenyewe.

"Paa!" akapaza. "Paa la wodi ya wazazi, jamani, liko sokoni! Nani anatoa bati? Waziri wa Ujenzi, nakuona, usijifiche nyuma ya mwavuli! Bati ngapi?"

Waziri wa Ujenzi aliliona koti, akasimama wima. "Hamsini, Mheshimiwa!"

"Hamsini? Hamsini unaezekea banda la kuku! Nani zaidi?"

"Mia!" akadakia Waziri wa Ulinzi, ambaye hajapata kukubali kushindwa na Ujenzi hata kwenye kula. "Mia mpya, na askari wa kuziezeka!"

"Misumari!" akapiga kelele Waziri wa Fedha, ambaye hakuna aliyemuuliza, kisha akajiziba mdomo.

"Mia na askari na misumari, mara ya kwanza! Waziri wa Misitu, mbao zako unamwekea nani, mchwa? Haya, na mbao! Mara ya pili! Hakuna mwingine? Mnaona aibu? Mara ya tatu!" Sadala akavua kiatu, akagonga meza. "Limekwenda! Mama, chukua paa lako!"

Umati wa mazoezi ulipiga makofi, na hapakuwa mahali pa makofi.

"Hiyo imo?" Mkurugenzi akaninong'oneza.

"Haimo, Profesa."

"Ina kusita hata kumoja?"

"Hata nusu."

Akafumba macho. Lakini sheria ni sheria. Neno lilikuwa limetamkwa jukwaani, bila karatasi, kutoka ndani ya koti. Kabla jasho la Sadala halijakauka, malori ya jeshi yalikuwa yameshawashwa.

* * *

Wanajeshi wetu hawajapigana vita yoyote, kwa hiyo wana nguvu nyingi. Waliezeka kwa siku chache tu, bati zikang'aa mpaka ndege wakawa wanakwepa. Sista Zamoyoni alipangusa vitanda, akaviondoa pale katikati vilipokuwa vimerundikwa, akavipanga mpaka ukutani. Tatu Mwinjuma, tumbo mbele, alikuja kulitazama tu, akasimama chini yake akicheka peke yake. Mimi nilifurahi, nakiri, ingawa furaha yangu haikuwa kwenye ratiba.

Asubuhi ya ziara yenyewe, Mkurugenzi akaliona tatizo. "Mheshimiwa atafika," akatuambia, "atakuta paa ambalo yeye hajaliahidi. Hotuba yake haina paa. Hotuba imepita kamati saba, paa halijapita hata moja. Sasa semeni wenyewe, kipi kiondoke?"

"Paa, Profesa," akajibu Brigedia aliyewaongoza waezekaji.

Nikathubutu kuuliza kama si amri ya koti. Mkurugenzi akanitazama kwa huruma. "Amri ilisema liezekwe. Limeezekwa. Haikusema lisiezuliwe."

Kwa hiyo askari walewale wakapanda juu na nyundo zilezile. Sadala yeye aliamriwa avue koti haraka, maana Mheshimiwa wa kweli akiwa mjini, koti likivaliwa linakuwa mapinduzi. Akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa wodi, akaenda kutafuta supu.

Bati la kwanza lilikuwa limeshalegea msafara ulipotokea. Ulikuwa umewahi! Mambo hayo hayajapata kutokea katika historia yetu. Kumbe wale wananchi waliopangwa kuusimamisha ghafla pale sokoni walikuwa bado wanakunywa chai, na msafara ukapita moja kwa moja. Mheshimiwa akashuka garini mbele ya wodi, akanyoosha miguu, akainua uso, akawaona wanajeshi juu ya paa na bati mikononi.

"Hawa wanafanya nini?" akauliza.

Ndugu msomaji, swali lile halikuandaliwa. Nililijua mara moja kwa masikio ya kazi yangu. Lilikuwa limetoka kwake mwenyewe, bichi kabisa. Mheshimiwa akanigeukia mimi, niliyekuwa karibu, na mimi, Mkuu wa Kitengo, nikasema, "Eeeh..."

Ilikuwa ya kweli ya kwanza maishani mwangu. Sikujua kama inatoa jasho namna ile.

"Wanaezeka, Mheshimiwa." Sista Zamoyoni alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Paa la wazazi. Ni amri yako."

"Niliitoa lini?"

"Papo hapo, Mheshimiwa. Bila karatasi."

Mheshimiwa akatafakari. Akamsogelea kidogo, akapunguza sauti. "Nilisema vizuri?"

"Watu walipiga makofi mpaka basi."

"Basi endeleeni," akawaambia askari, na bati likarudi mahali pake. Hotuba ya miezi minne ilitolewa baadaye uwanjani, kila "eeeh" ikakaa mahali pake, na hakuna mtu anayeikumbuka. Lakini njia nzima ya kurudi Ikulu, walinzi wanasema, Mheshimiwa alikuwa akirudia kwenye gari, "Hawa wanafanya nini? Mmesikia nilivyouliza? Sikupanga. Limetoka tu lenyewe!"

* * *

Hapo ndipo ulipozaliwa Mpango wa Taifa wa Swali la Ghafla. Mheshimiwa alilipenda swali lake, akataka aliulize nchi nzima. Ofisi ikaongezewa ghorofa ya kumi. Utaratibu ni kwamba kila mji atakaoutembelea, askari wawe juu ya paa la hospitali na bati mikononi, yeye ashuke garini, anyooshe miguu, aulize, na aambiwe ni amri yake.

Mimi nilidhani hospitali zote zingepata mapaa. Kumbe bati ni zilezile, zinasafiri kwa lori nyuma ya msafara. Penye wodi isiyo na paa zinapandishwa asubuhi na kuteremshwa Mheshimiwa akishaondoka. Penye wodi yenye paa zima, paa linaezuliwa kwanza ili apate la kuuliza. Baada ya miji kadhaa bati za kwenye lori zikapinda, zikatoboka, zikaacha kung'aa kwenye televisheni. Mtu fulani kikaoni akakumbuka kwamba Kilembwe kuna bati mia, mpya.

Tulifika kuzichukua siku ambayo mawingu yalikuwa meusi mpaka kuku wamerudi mabandani. Ndani ya wodi, kwenye kile kitanda, alikuwepo Tatu Mwinjuma, na alikuwa ameshaanza kupiga kelele.

"Sista," Mkurugenzi akasema, "taifa linayaomba mabati yake kwa muda mfupi."

"Profesa, yule mama anajifungua sasa hivi."

"Tutamwekea turubai. Turubai la kitaifa, lenye picha."

Sista Zamoyoni alimtazama, akamtazama Brigedia, mwisho akanitazama mimi. Nilitafuta neno. Kwa kweli nililitafuta. Brigedia akainua mkono, askari wakapanda, msumari wa kwanza ukalia, bati la kwanza likang'oka. Tone moja la mvua likaanguka kwenye paji la uso wangu. Sista akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikadhani amekwenda kulia. Ningekuwa mimi ningelia.

Mlango ukafunguliwa tena. Alikuwa amevaa koti. Lilikuwa limening'inia pale kwenye msumari tangu siku ya ziara, hakuna aliyelikumbuka, maana tangu Mheshimiwa apate swali lake mazoezi yalikuwa yamesimama. Mikono yake ilimfunika mpaka kucha, na pindo lilimfika chini ya magoti, lakini vifungo vya dhahabu alikuwa amevifunga vyote mpaka shingoni. Sheria ya Koti haisemi lolote kuhusu tumbo wala jinsia ya mvaaji, nami nilikuwepo ilipotungwa.

Juu ya paa visigino vilibanwa, jambo gumu sana juu ya paa. Brigedia akapiga saluti. Mkurugenzi alitaka kusema kitu, lakini mgongo wake ulikuwa umeshazoea, ukanyooka wenyewe.

"Rudisheni," akasema Sista Zamoyoni.

Neno moja. Hakukuna kichwa, hakutazama mawingu, hakusahau jina la mtu. Na lile bati likarudi. Nyundo zilipigwa kwa kasi ambayo sijapata kuiona serikalini, na askari wa mwisho alipokuwa anashuka ngazi, mvua ikafunguka, ikapiga mabati kwa kishindo, nasi tukajazana barazani tukibanana ukutani.

"Na wewe, Profesa," sauti ya kusukuma ikatoka dirishani, "chemsha maji."

Profesa Daktari Injinia Bonaventura Kishimba akaenda jikoni, akapuliza moto. Jasho la mvaaji lilikuwa halijakauka. Sadala naye, aliyekuja nasi kwa lori na kukimbilia kwanza supu, alifika mbiombio, amelowa chapachapa, akiulizia koti lake. Akajibiwa kupitia dirishani kwamba lina kazi. Tukasubiri. Kelele za Tatu zikapanda, zikapanda, zikakatika, nami nikashika roho mkononi. Kisha mtoto akalia. Alilia mfululizo, kwa hasira, pakavu kabisa.

Brigedia alikuwa akijifuta macho, akisingizia mvua.

Baadaye Mkurugenzi alirudi kutoka jikoni, macho mekundu kwa moshi, akanivuta pembeni. "Lazima iingie kwenye taarifa," akasema. "Ile hotuba ya neno moja. Haiwezi kuwa haikuandaliwa na Ofisi, tutafukuzwa wote. Andika kwamba tuliiandaa sisi."

"Ndiyo, Profesa. Niandike iliandaliwa kwa muda gani?"

"Weka ule wa kawaida. Miezi minne."

Nikatoa kalamu. Kule ndani Sista alikuwa anaimba kitu, na Tatu anacheka. Nikakumbuka ule upepo uliochukua paa, na maturubai, na miavuli, na yule mtoto wa kwanza ambaye hakupewa jina. Nikaandika: miaka miwili.